Mizani Kwanza, Dagaa Baadaye: Kwa Nini Programu "Iliyojaribiwa" Huharibika Siku ya Kwanza

"Mwanangu, si mlisema mmeijaribu?"

Niliulizwa hivyo Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mama mmoja anayenunua dagaa kwa jumla. Nilikuwa nimemwamkia, akaitikia "marahaba" huku tayari ananinyoshea simu yake. Mitumbwi mitatu iliyoshusha mzigo usiku ule kwenye kambi moja ya visiwani haikuwamo katika hesabu za Jumanne. Programu tuliyomtengenezea ilikuwa imeiandika Jumatatu, siku ambayo hesabu zake zilishafungwa na watu walishalipwa. Wenye mitumbwi wanadai pesa yao, simu inasema hakuna deni.

Tulikuwa tumeijaribu kweli. Tulikuwa na majaribio karibu mia mbili na yote yalikuwa yamepita. Ila pale sokoni, katikati ya kelele za wabeba mizigo, sikuwa na maneno ya kumweleza jinsi kitu kinavyoweza kupimwa mara mia mbili na bado kikamgombanisha mtu na watu wake usiku wa kwanza kazini. Makala haya ndiyo maneno niliyoyakosa siku ile.

Na swali lake si lake peke yake. Abiria anayekatwa pesa bila kupata tiketi, mzazi anayeona matokeo ya mtoto wa mwenzake, muuza duka ambaye mashine yake ya risiti imegoma baada ya "kuboreshwa", wote huuliza hilohilo. Wakishasikia kwamba mfumo ulifanyiwa majaribio kisha ukaanguka, huhitimisha moja kati ya mawili: hawakujaribu, au wanadanganya. Kuna jibu la tatu ambalo hulisikii mara nyingi: walijaribu, lakini mahali walipojaribia hapakuwa pa kuaminika.

Tuweke maneno sawa kwanza. Programu ni maagizo ambayo kompyuta au simu inayafuata, na maandishi ya maagizo hayo tunayaita msimbo. Jaribio la kiotomatiki ni programu ndogo ambayo kazi yake ni kuikagua programu kubwa bila mtu kukaa anabonyeza. Mfano mwepesi: jaribio linaingiza magunia mawili, moja la kilo 40 na jingine la kilo 35, kisha linauliza jumla. Ikitoka 75, linapita na rangi inakuwa kijani. Ikitoka kingine chochote, linaanguka na rangi inakuwa nyekundu. Ukiwa na majaribio mia kadhaa ya namna hiyo, kila unapobadilisha mstari mmoja wa msimbo unayaendesha yote, na baada ya dakika chache unajua kama umeharibu mahali.

Mazingira ya majaribio ni kila kitu kinacholizunguka jaribio hilo linapoendeshwa: kompyuta yenyewe, mfumo endeshi wake (programu kuu inayoiendesha), matoleo ya programu saidizi, hifadhidata (ghala ambamo programu inatunza kumbukumbu zake) na kilichomo ndani yake, saa, mtandao, na mifumo ya watu wengine inayoongea na wa kwako, kama ya malipo. Upande wa pili kuna laivu, yaani mahali programu inapowahudumia watu halisi kwa pesa halisi.

Sasa rudi sokoni. Unapima gunia la dagaa, mizani inasema kilo 42. Unalishusha, unalipandisha tena, inasema 39. Hakuna mtu aliyegusa gunia. Hapo utakuwa umejua nini kuhusu dagaa? Hujajua chochote. Ulichojua ni kwamba mizani ni mbovu, na mwenye mzigo na mwenye pesa wote wana haki ya kuikataa. Mazingira ya majaribio ni mizani ya mtengeneza programu. Kabla hujauliza kama programu ina kosa, mizani yenyewe lazima itoe jibu lile lile kwa mzigo ule ule, leo, kesho, kwenye kompyuta yangu na kwenye ya mwenzangu.

Jaribio linalopita sasa hivi na kuanguka baada ya dakika tano bila mtu kugusa msimbo, mimi naliita kigeugeu. Neno hilo tunalitumia kwa mtu ambaye asubuhi amekubali na jioni amekana, na madhara yake ni yale yale: unaacha kumsikiliza, hata siku anayosema kweli.

Watu hudharau vigeugeu kwa sababu kila kimoja peke yake kinaonekana kidogo. Fanya hesabu. Tuseme una majaribio 200 na kila moja lina uwezekano wa nusu asilimia tu wa kuanguka kwa bahati mbaya, yaani mara moja katika mara 200. Uwezekano wa kuyaendesha yote na kuyaona yote kijani ni kama asilimia 37. Maana yake ni kwamba katika kila mara kumi unapoyaendesha, mara sita hivi utaona nyekundu isiyo na sababu. Wiki ya kwanza unachunguza kila nyekundu. Wiki ya pili unasema "aa, hilo ni lile lile, endesha tena." Mwezi wa tatu hakuna anayetazama. Hata makampuni makubwa hayajasalimika: Google ilieleza hadharani mwaka 2016 kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na kiasi fulani cha ukigeugeu. Kama wao wenye wahandisi kwa maelfu wanahangaika nalo, ofisi ya watu wanne kando ya barabara ya Makongoro isione aibu kulikiri.

Je, ukigeugeu unatoka wapi? Nitaanza na uliomuumiza yule mama, kwa sababu ndio ninaoujua kwa uchungu.

Saa

Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ile inayoitwa UTC. Seva, yaani kompyuta zinazohudumia programu kwa mbali, nyingi duniani huwekwa kwenye UTC, na hata kontena za programu, nitazieleza baadaye, kwa kawaida huzaliwa na saa hiyo. Kwa sehemu kubwa ya siku tofauti hiyo haionekani, kwa sababu ukiwa mchana wa Jumanne Mwanza, UTC nayo ni Jumanne. Lakini kuna dirisha la saa tatu, kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, ambapo Mwanza imeshaingia tarehe mpya na seva bado iko jana. Mtumbwi ukishusha mzigo saa saba na dakika 40 usiku, kwa seva ni saa nne na dakika 40 usiku wa siku iliyotangulia.

Sasa fikiria nani anafanya kazi kwenye dirisha hilo. Duka la vitabu halifanyi. Ofisi ya mikopo haifanyi. Mvuvi wa dagaa anafanya, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, na mitumbwi ya kwanza huweza kurudi kambini kabla ya alfajiri. Sisi tuliendesha majaribio yetu mchana, kwenye laptopu zenye saa ya Afrika Mashariki. Hata kama tungeyarudia mara elfu moja, jibu lingekuwa kijani mara elfu moja. Mizani yetu ilikuwa sahihi saa ishirini na moja kati ya ishirini na nne.

Kuna jambo la ndani zaidi. Katika lugha yetu usiku ni wa siku inayofuata. Ndiyo maana tunasema "usiku wa kuamkia Jumanne". Kwa mvuvi, kazi iliyoanza Jumatatu jua lilipozama ni kazi ya Jumanne, yote. Kwa simu, Jumanne inaanza saa sita usiku. Kwa seva, inaanza saa tisa usiku. Tulikuwa na mipaka mitatu ya siku moja na hatukuwahi kumuuliza mwenye kazi anatumia upi. Jaribio haliwezi kulinda kitu ambacho hakuna aliyekitamka.

Dawa ni kuigandisha saa. Jaribio lisiiulize kompyuta "sasa ni saa ngapi?", lipewe saa ya kubuni na ibaki hapo. Ukishaweza kufanya hivyo, unaipeleka programu popote: saa sita kasoro dakika moja usiku, tarehe 31 Desemba, tarehe 29 Februari 2028, mwisho wa mwezi ambapo hesabu zinafungwa. Unajaribu usiku wa manane ukiwa umekaa mchana na kikombe cha chai, na jibu halitegemei tena nani kachelewa kutoka kazini. Na usifanye jaribio moja la mpaka. Fanya la kabla, la juu ya mpaka wenyewe, na la baada.

Mchanga ndani ya dagaa

Anayeujua mwambao huu anajua tofauti ya dagaa walioanikwa juu ya mchanga na walioanikwa kwenye vichanja. Wa mchangani wanabeba mchanga, unaingia kwenye gunia, unaongeza uzito, na mlaji anausikia kwenye meno. Majaribio nayo huanikwa mchangani. Jaribio la kwanza linamsajili mnunuzi kwenye hifadhidata ya majaribio na halimfuti. Jaribio la pili linataka kumsajili mnunuzi mwenye namba ile ile ya simu, hifadhidata inakataa, linaanguka. Ukiyabadilisha mpangilio, la pili linapita na la kwanza ndilo linaloanguka. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, nusu ya takataka inabaki humo, na kesho asubuhi kila kitu ni chekundu na hakuna anayejua kwa nini.

Kila jaribio lipewe kichanja chake. Lianze na hifadhidata tupu au yenye data inayojulikana neno kwa neno, lifanye kazi yake, kisha vyote vilivyoandikwa vifutwe. Hifadhidata nyingi zinaruhusu kufungua shughuli, kuandika unachotaka, na kuikatisha bila kuihifadhi, kana kwamba hakikuwahi kutokea. Kipimo cha kujua kama umefanikiwa ni chepesi: changanya mpangilio wa majaribio kila siku. Kama matokeo yanabadilika kwa sababu ya mpangilio, bado kuna mchanga.

Kuna kosa jingine ninaloliona kila mahali. Programu inatuma kitu, jibu linachelewa kidogo, na mwandishi wa jaribio anaandika "subiri sekunde mbili, kisha angalia". Kwenye kompyuta yake yenye nguvu sekunde mbili zinatosha. Kwenye kompyuta ya ofisi inayofanya kazi nyingine tano, hazitoshi, na jaribio linaanguka. Anaongeza ziwe kumi. Sasa majaribio mia mbili yanachukua nusu saa na watu wanaacha kuyaendesha. Mtu aliyepanga foleni ya gari Kamanga hahesabu dakika kumi kisha akaingiza gari ziwani. Anangoja kivuko kifunge na mlango ushuke, uchukue dakika mbili au ishirini. Jaribio nalo lingoje tukio lenyewe, jibu limefika, kitufe kimeonekana, na liwekewe kikomo cha juu tu ili lisingoje milele.

Kuhusu mtandao na mifumo ya wengine nitasema kwa ufupi. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Jaribio linalojumlisha magunia halina sababu ya kuanguka siku kama hiyo. Mfumo wa malipo wa kampuni nyingine uwekewe mwigo ndani ya mazingira yako, programu ndogo inayojibu kama wao wangejibu: malipo yamekubaliwa, salio halitoshi, hakuna jibu kabisa. Hilo la mwisho ndilo watu husahau, nalo ndilo linalowakuta wateja mara nyingi. Ila mwigo huzeeka, kwa sababu wenye mfumo halisi wanaubadilisha bila kukuuliza. Kwa hiyo weka majaribio machache pembeni yanayogonga mlango wao halisi wa mazoezi, yaendeshwe kivyake, na yakianguka yasizuie kazi nyingine.

Kufanana na laivu

Hadi hapa tumezungumzia mizani inayotoa jibu moja. Lakini mizani inaweza kutoa jibu moja kila siku na ikawa inakosea kila siku. Ndipo swali la pili linapoingia: je, mahali pa majaribio panafanana na mahali pa kazi?

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Haikumaliza dakika moja. Iligeuka ghafla, ikavunjika na kulipuka. Uchunguzi ulikuta kwamba sehemu ya programu ya kupima mwelekeo ilichukuliwa kutoka roketi ya zamani, Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri kwa miaka. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda upande, namba ikawa kubwa kuliko kibaba kilichoandaliwa kuipokea, kile kisichobeba zaidi ya 32,767, na mfumo ukazima. Msimbo ulikuwa umejaribiwa. Haukuwa umejaribiwa kwa mwendo wa roketi iliyokuwa inaubeba. Ni sawa na nahodha aliyeujaribu mtumbwi kwenye ghuba tulivu ya Mwanza kisha akauelekeza katikati ya ziwa siku ya upepo.

Mfano wa pili unagusa ofisi ndogo zaidi kuliko unavyodhani. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, Knight Capital, ilianza kutumia programu mpya kwenye seva zake. Zilikuwa nane, saba zikapata msimbo mpya, moja ikabaki na wa zamani. Seva hiyo moja ikaamsha sehemu ya programu iliyokuwa haitumiki kwa miaka, ikaanza kununua na kuuza kama imepagawa, na katika dakika kama 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Kosa la namna hii halikamatwi na jaribio linalotazama msimbo peke yake. Linatoka kwenye seva zinazoandaliwa kwa mkono na mtu mmoja, kwa kukumbuka, moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo mazingira yasiandaliwe kwa kukumbuka. Yaandikwe. Faili moja, linalohifadhiwa pamoja na msimbo, liseme: mfumo endeshi huu, hifadhidata hii toleo hili, programu saidizi hizi kwa matoleo haya kamili hadi tarakimu ya mwisho. Mtu mpya akija kazini aandike amri moja na apate kile kile walichonacho wengine. Hapo ndipo teknolojia ya kontena, iliyoenea tangu zana iitwayo Docker ilipotoka mwaka 2013, inaposaidia. Ni kama kontena la mizigo: kilichofungwa Dar es Salaam ndicho kitakachofunguliwa Mwanza, hakuna anayepakua na kupanga upya njiani. Programu inafungwa pamoja na vyote inavyohitaji, na kifurushi kile kile kinajaribiwa, kisha kile kile kinapelekwa laivu.

Na matoleo yafungwe kweli. Machi 2016 mtengeneza programu mmoja aliondoa mtandaoni kifurushi chake cha mistari 11 tu, kiitwacho left-pad, ambacho kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi mwanzoni mwa maneno. Maelfu ya miradi duniani ilishindwa kujengwa, yaani kukusanywa iwe programu inayotumika, siku ile, mingine ya makampuni yenye majina makubwa, kwa sababu kila ilipojengwa ilikwenda kukichukua upya mtandaoni. Tunza nakala za unavyovitegemea karibu nawe. Kwenye mji ambao mtandao una siku zake, ushauri huo unakulipa hata bila mkasa.

Jina lenye kistari juu

Data ya majaribio ndipo ninapotamani wenzangu wa Kanda ya Ziwa wakae zaidi, kwa sababu hapa hatuwezi kunakili mifano ya watu wa mbali. Mifano yao ina majina kama John Smith. Majina ya huku yana "Ng'". Kuna wilaya nzima mkoani Geita inaitwa Nyang'hwale. Alama hiyo ndogo juu ya mstari ndiyo alama ambayo lugha ya hifadhidata, SQL, inaitumia kuonyesha maneno yanapoanzia na yanapoishia. Programu iliyoandikwa bila uangalifu ikipokea Nyang'hwale inadhani jina limeishia "Nyang", na kilichobaki inakisoma kama amri. Siku njema inagoma tu. Siku mbaya, mtu mwenye nia mbaya anautumia mlango huo huo kuiba.

Isitoshe, baadhi ya simu hubadilisha alama hiyo iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Kwa jicho ni jina lile lile. Kwa kompyuta ni majina mawili tofauti, na mteja anatafutwa hapatikani. Kwa hiyo data ya majaribio iwe na alama zote mbili. Iwe na mtu mwenye jina moja tu, namba ya simu iliyoandikwa kwa 07 na ile ile iliyoandikwa kwa +255, kiasi cha shilingi chenye sifuri nyingi, na gunia la kilo sifuri. Pia wingi uwe wa kweli. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa na wavuvi wengi hupumzika; siku za giza zikirudi, kambi zote zinashusha mzigo karibu kwa wakati mmoja. Programu iliyojaribiwa na watu watatu mezani haijajaribiwa kwa alfajiri ya siku za giza.

Hapa ndipo wengi hufikia wazo linaloonekana jepesi: si tuchukue tu data halisi ya wateja tuitumie kujaribia? Nalikataa, na sheria iko upande wangu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mteja aliyekupa jina na namba yake ili anunue dagaa hakukupa ili izagae kwenye laptopu sita za vijana wanaojifunza kazi. Mazingira ya majaribio kwa kawaida yana ulinzi hafifu kuliko laivu, na majaribio yanaweza kutuma ujumbe. Wazia mama zetu wa Mwaloni wanaamka na ujumbe wa "deni lako ni shilingi 9,999,999" kwa sababu mtu alikuwa anajaribu. Tengeneza data ya kubuni yenye sura ya data halisi. Ni kazi ya siku mbili, unaifanya mara moja.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

"Kwangu inafanya kazi." Sentensi hii ni kweli na haina msaada. Inathibitisha kwamba kuna kompyuta moja duniani ambako inafanya kazi, nayo haiko Kirumba.

"Ikianguka, endesha tena hadi ipite." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa kuwa linaonekana la busara na kuna hata zana zinazolifanya zenyewe. Chukua kosa la kweli linalotokea mara moja katika mara tatu. Mteja mmoja kati ya watatu analikuta. Ukiruhusu kila jaribio liendeshwe hadi mara tatu kabla ya kuhesabiwa limeanguka, kosa hilo litaonekana pale tu litakapotokea mara tatu mfululizo, yaani mara moja katika mara 27. Bila kurudia lingeonekana mara 9 katika hizo 27; umelificha mara 8 kwa mikono yako. Kigeugeu kikipatikana kitolewe kwenye kundi siku hiyo hiyo, kiwekwe kando, kiandikiwe jina la mtu atakayekitibu na siku ya mwisho. Kisipotibiwa, kifutwe. Jaribio lisiloaminika halina faida kuliko kutokuwa nalo.

"Yote ni kijani, kwa hiyo haina kosa." Mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alilijibu hili zaidi ya miaka hamsini iliyopita: majaribio yanaweza kuonyesha kwamba makosa yapo, hayawezi kamwe kuonyesha kwamba hayapo. Mteja aambiwe hivyo mapema. Mwambie ni mambo gani yamejaribiwa, kwenye hali gani, na ni yapi hayajaguswa. Tungemwambia yule mama "hatujaijaribu usiku", angetucheka na kutuambia kazi yake yote ni usiku, nasi tungeliona kosa kabla halijamgharimu.

"Haya ni ya makampuni makubwa." Kompyuta moja ya mezani ya zamani, betri ya akiba isiyokubali izime umeme ukikatika, na programu za bure. Hiyo ndiyo seva yetu ya majaribio. Kila mtu anapowasilisha mabadiliko, mashine hiyo inajenga mazingira upya kutoka kwenye faili, inaendesha majaribio, inayabomoa mazingira. Hakuna anayeruhusiwa kukaa juu yake akarekebisha kitu kwa mkono.

Mawe mawili

Nimeacha la mwisho ambalo nalithamini zaidi. Mizani ya sokoni haiaminiki kwa sababu mwenye nayo ni mcha Mungu. Wakala wa Vipimo huikagua kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana, kisha ndipo inapigwa stempu. Mazingira ya majaribio nayo yakaguliwe kwa mawe yanayojulikana, na yanahitajika mawili.

Jiwe la kwanza ni msimbo mzima, ambao unajua hauna shida. Uendeshe mara 50 mfululizo usiku bila kubadilisha chochote. Mara zote 50 lazima ziwe kijani. Ikitokea nyekundu moja, usiiite bahati mbaya; mizani inayumba, itafute sababu kati ya zile tulizopitia: saa, mchanga, kusubiri, mtandao, matoleo.

Jiwe la pili ni msimbo ulioharibiwa makusudi. Geuza jumlisha iwe toa, ondoa ukaguzi wa namba ya simu, rudisha saa ya seva nyuma. Kila uharibifu lazima ulete nyekundu. Watu wengi hufanya la kwanza na kuliruka hili, wakabaki na mizani inayosema kilo 40 kwa kila gunia, hata tupu. Imara kabisa, na haipimi kitu.

Sisi tunaweka mawe yote mawili kila Ijumaa jioni. Mtu mmoja anaingiza kosa bila kuwaambia wenzake ni lipi, mashine inaendesha, tunaangalia nini kimegeuka. Mara ya kwanza tuliingiza makosa kumi na majaribio yetu karibu mia mbili yakakamata sita. Tukakaa wiki mbili tukiandika yaliyokosekana. Ijumaa iliyofuata mwenzetu aliirudisha seva kwenye saa ya UTC kimyakimya, na la kwanza kugeuka jekundu likawa lile la mtumbwi unaoshusha mzigo saa saba na dakika 40 usiku wa kuamkia Jumanne.